Majigi ya kujitengenezea kwenye karakana ya useremala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, nimesimama kwenye maranda, mara nyingi huku gundi inanisubiri. Nimeyaandika ili fundi wa Keko au Buguruni, na kijana aliyemaliza chuo juzi, ayasome kwa utulivu. Kila kifaa ninachokieleza hapa nimekitengeneza kwa mabaki na ninakitumia.

Jigi ni kitu gani hasa?

Ni kifaa unachojitengenezea ili kazi ileile itoke vilevile kila ukiirudia. Kinaweza kushika mbao, kuongoza msumeno au drili, au kukaa tu mahali pa kipimo. Wako wanaoita kalibu, wako wanaoita kiolezo. Kibao chenye tundu moja kinatosha kuwa jigi, mradi tundu lile liko mahali pake.

Chukua viti 6 vya meza ya kulia chakula. Miguu ni 24. Ukishika tepu kwa kila mguu, umepima mara 24 na kuchora mara 24, na mstari wa penseli una unene wake: mara unakata juu yake, mara pembeni. Kiti kikifika kwenye vigae vya mteja kinacheza. Sasa funga kizuizi kimoja kwenye benchi, sukuma kila mguu mpaka ugote, kata. Umepima mara moja. Makosa mengi ninayoyaona mabandani yanaanzia hapo, kwenye kupima upya kitu kilichokwisha kupimwa.

Nina msumeno, randa, patasi na nyundo tu. Nianze na lipi?

Kibao cha kukatia. Kata plaiwudi ya milimita 18, sentimita 30 kwa 20. Ukingo mmoja, upande wa juu, gundisha kipande cha mbao. Ukingo wa pili, upande wa chini, gundisha kingine. Cha chini kinang'ata benchi, cha juu kinazuia mbao isikimbie unapokata. Kama unaongeza skrubu, ziweke mbali na njia ya msumeno. Kazi ya saa moja, na benchi lako halitapata jeraha tena.

La pili ni fimbo ya vipimo, ambayo inastahili swali lake.

Fimbo ya vipimo ni nini, na inanisaidiaje kuliko tepu?

Hili ndilo jigi ninalolipenda kuliko yote niliyonayo. Ni fito moja iliyonyooka, yenye upana wa kama sentimita 4 na unene wa sentimita 1, ndefu kupita kazi yenyewe. Haina namba hata moja. Ina alama: hapa ubao wa pembeni unaishia, hapa ulimi unaanza (ile ncha iliyopunguzwa inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine), hapa inakaa chaga ya kwanza, hapa ya pili.

Yangu ya kitanda cha tano kwa sita ni ya mninga. Ubapa mmoja una urefu wa kitanda, ubapa wa pili una upana. Alama nimezichora kwa kisu, maana mchoro wa kisu ncha ya patasi inauingia yenyewe, na haufutiki kwa jasho la mikono. Nikianza kitanda kipya naulaza ubao, naweka fimbo juu yake, nagotesha ncha kwa ncha, nahamisha alama. Tepu inabaki mfukoni.

Tepu ni chombo kizuri, ila itazame ile ndoano ya chuma kwenye ncha. Imefungwa ichezecheze kwa makusudi, kwa kiasi cha unene wake yenyewe, ili usome kipimo kilekile ukivuta au ukigotesha. Ikianguka sakafuni mara kadhaa, ndoano inapinda, au yale matundu ya ribiti yanapanuka. Hapo inaanza kudanganya, na namba zinaendelea kuonekana nzuri.

Niliwahi kuwa na mwenzangu kwenye oda ya vitanda, kila mmoja na tepu yake. Yeye alikata mbao za kichwani, mimi za miguuni. Tulipounga kitanda cha kwanza, kikakataa kukaa mraba, na ulimi mmoja ukaacha nafasi ya kupitisha kucha. Tukalaza tepu zetu mbili sambamba juu ya benchi: zilitofautiana milimita 3. Mninga ule ulikuwa wa mteja, nikaulipa. Fimbo niliikata jioni hiyohiyo.

Nakata kwa makini lakini ncha za mbao haziwi mraba. Nifanyeje?

Acha ncha ikamilishwe na randa. Unahitaji ubao wa kurandia ncha, na huu ukiwa nao utashangaa ulikuwa unafanyaje kazi bila huo.

Chini weka plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 28. Juu yake gundisha plaiwudi ya milimita 12, urefu uleule lakini upana wa sentimita 20. Upande wa kulia inabaki njia ya sentimita 8: hapo randa inalala ubavu na kuteleza. Karibu na mwisho wa ule ubao wa juu, upande ulio mbali nawe, funga kizuizi cha mbao ngumu, mraba kamili na njia ya randa. Ubao unaorandwa unaugotesha kwenye kizuizi, ncha yake imechungulia njiani kidogo tu, unene wa karatasi. Randa inapita, inachukua kilichochungulia. Kizuizi kinazishikilia nyuzi za nyuma zisipasuke.

Kizuizi ndicho roho ya kifaa hiki, kwa hiyo usikigundishe haraka. Funga skrubu moja kwanza iwe egemeo, weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, funga ya pili, kisha jaribu. Randa ncha za vipande viwili vya ubao uleule. Kigeuze kimoja juu chini, uvigotanishe ncha kwa ncha kwenye rula ndefu ya chuma. Ukiona mwanga katikati, kosa lako ni nusu ya unachokiona. Legeza skrubu ya pili, sogeza kizuizi kwa unene wa karatasi, rudia. Mimi hunichukua majaribio matatu au manne.

Randa iwe kali. Ncha ya mninga ikirandwa na chuma kilichonolewa inatoa maranda membamba yanayoshikana. Ukiona unga, kanoe kwanza.

Ukiongeza kizuizi cha digrii 45 kinachofungwa na kufunguliwa, una mashine ya fremu za picha na vioo.

Guni langu la dukani, nitajuaje kama ni la kweli?

Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka. Bana guni kwenye ukingo, chora mstari kwa kisu. Ligeuze guni litazame upande wa pili, lisogeze kwenye mstari uleule, chora tena. Mistari ikilala pamoja, guni ni la kweli. Ikiachana kama mdomo wa mkasi, kosa ni nusu ya mwanya huo. Kagua hata lililo jipya, kabla hujatoka dukani Kariakoo kama muuzaji ana ubao na penseli.

Kwa kazi kubwa kama fremu ya mlango, tumia 3, 4, 5: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama iwe 100 kamili.

Krampu ni ghali. Kuna namna ya kubana bila kununua?

Ipo, tena si moja.

Kwa milango na mbao za meza, tumia kabari. Chukua mbao ya mbili kwa mbili iliyo ndefu kuliko upana wa mlango. Kwa mlango wa sentimita 90, funga kwa bolti vipande viwili vya kuzuia, vikiachana kama sentimita 95. Ile nafasi inayobaki itakaa kabari mbili zinazotazamana, kila moja ya urefu wa sentimita 16 ikishuka kwa sentimita 2. Zigonge kwa zamu, huku na huku. Zinapopishana, nyuso zake za nje zinabaki sambamba, kwa hiyo nguvu inakwenda moja kwa moja bila kuusukuma mlango kombo. Mlango mmoja unahitaji vibano vitatu vya namna hii: viwili chini, kimoja juu katikati. Ukiviweka vyote upande mmoja, mlango unabeuka. Chini ya kila kibano laza nailoni, la sivyo utagundisha jigi na mlango vikawa kitu kimoja.

Kwa viti na vitu vyenye mikunjo, hakuna kinachoshinda tyubu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote mtaani kwako ana rundo la zilizochoka. Ipasue kwa mkasi upate mkanda wa sentimita 3, uzungushe kwenye kiungo huku ukiuvuta. Kila mzunguko unaongezea nguvu juu ya uliotangulia, na baada ya mizunguko 6 au 7 utaona gundi inatoka kila upande kama inavyotakiwa. Mpira haukwaruzi mbao, na gundi nyeupe ikikauka juu yake inabanduka ukiuvuta.

Kwa fremu, kamba ya katani na kijiti: zungusha mara mbili, ingiza kijiti katikati, nyonga. Kwenye kila kona weka kipande cha boksi ili kamba isikate mbao. Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona, zote mbili. Zikilingana, fremu ni mraba. Moja ikiwa ndefu, sukuma fremu kidogo kwenye kona za ile ndefu, upime tena.

Msumeno wangu wa meza ulikuja na kizuizi kinacholegea. Naweza kupata kona mraba?

Tengeneza sleji. Ni sinia la plaiwudi linaloteleza juu ya meza na kuibeba mbao kupita kwenye bladi. Kwa sakafu yake natumia mabaki ya ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, marine bodi, kwa sababu uso wake unateleza. Chini inakaa reli mbili zinazoingia kwenye mifereji ya meza. Mifereji mingi ina upana wa milimita 19, lakini mashine zinatofautiana, kwa hiyo pima ya kwako. Reli ziwe za mninga. Mbao hii inajulikana kwa kutulia: hewa ikibadilika hainywei wala haivimbi sana. Reli ya paini inayoteleza vizuri Januari inakwama masika.

Ukisha funga kizuizi cha nyuma, kipime hivi. Chukua kipande cha plaiwudi chenye pande nne. Kata upande wa kwanza, kigeuze ili upande uliotoka kukatwa ukae kwenye kizuizi, kata wa pili, endelea mpaka wa nne. Kisha geuza mara ya mwisho, ukate ule wa kwanza tena, lakini safari hii ondoa ukanda wa kama milimita 25. Pima upana wa ukanda huo kwenye ncha zake mbili kwa vernia, kile kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita. Tofauti uigawe kwa 4. Kwa mfano ukanda una urefu wa sentimita 40 na tofauti ni milimita 0.8: kosa lako ni milimita 0.2 katika sentimita 40, na kabati litafunga vizuri. Kosa dogo limekuzwa mara nne ili ulione, ndiyo maana kipimo hiki kinashinda guni.

Nyuma ya kizuizi, pale bladi inapotokea, gundisha tofali la mbao nene. Vidole hupenda kushika hapohapo.

Na vidole? Nimeona mafundi wengi wamekatika.

Nami nimewaona, na hili nalisema kwa uzito wote. Kabla ya sleji, kabla ya jigi lolote la kupendeza, kata vijiti viwili vya kusukumia. Tumia plaiwudi, yenye nyuzi zilizopishana, isiyopasuka ghafla. Kisigino cha chini kiichukue mbao kwa nyuma, na mwili wa kijiti uigandamize kwa juu. Vining'inie kwenye mashine yenyewe, mahali mkono unapofika bila kutafuta, kwa sababu kijiti kilicho mbali hakitumiki. Mkono usikaribie bladi kwa chini ya sentimita 15.

Kile kibati kinachosimama nyuma ya bladi usikitoe. Kinazuia mbao isibane bladi na kurushwa kifuani kwako. Usikate mbao kwa mkono mtupu bila kizuizi wala sleji, na usisimame mstari mmoja na bladi. Glovu vua kwenye mashine inayozunguka: ikinaswa inauvuta mkono mzima.

Na vumbi. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vumbi la mvule na la mninga huwashia wengine pua na kifua siku hiyohiyo. Vaa barakoa, na weka feni nyuma yako ipeleke vumbi nje.

Shikamoo fundi. Natengeneza makabati ya jikoni Mbagala, matundu ya kushikia shelfu hayalingani, shelfu zinacheza. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Unachora kila upande peke yake. Kata ukanda wa plaiwudi wa sentimita 7 kwa 70, utoboe matundu kwenye mstari mmoja kila milimita 32, kipenyo milimita 5. Mstari ukae milimita 37 kutoka ukingo wa mbele, ndivyo viwanda vya makabati vinavyofanya. Ubane kwenye ubao, toboa kupitia matundu hayo. Funga kipande cha tepu ya rangi kwenye biti ya drili ujue kina, usitokee nje.

Halafu, andika CHINI kwa herufi kubwa kwenye ncha moja ya ukanda, nyuso zote mbili, na ncha hiyo igote chini ya kabati kila mara. Matundu yako ya mwisho hayako umbali sawa kutoka ncha zote mbili hata kama unaona yako sawa. Ukigeuza ukanda upande mmoja tu wa kabati, shelfu zitacheza kama zinavyocheza sasa.

Nitakataje meza ya duara bila mashine ya bei?

Kama una ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kingo na mifereji, ifunge kwenye ukanda wa plaiwudi, piga msumari kwa umbali wa nusu kipenyo, uizungushe kwa kushuka milimita 4 au 5 kila mzunguko. Kama huna, fito yenye msumari ncha moja na penseli ncha ya pili, kisha msumeno mwembamba na tupa. Usichore kwa kamba, kamba huvutika. Meza ya watu 6 iwe na kipenyo cha sentimita 120: kila mtu anapata kama sentimita 60 za ukingo.

Patasi zangu hazikai na makali. Kuna jigi la kunolea?

Lipo. Kwa mafundi wa madirisha ya alumini omba kipande cha kioo kinene. Laza msasa wa maji juu yake, namba 400, halafu 800, halafu 1200, maji kidogo tu chini uushike. Kisha tengeneza kabari ya mbao ya kuangalizia pembe: kwa kila milimita 100 za urefu, inyanyuke milimita 58, utapata digrii 30, ikinyanyuka 47 ni digrii 25. Iweke kabari pembeni ya msasa, laza patasi juu yake uione pembe, kisha isukume patasi kwenye msasa bila kunyanyua mkono. Ukiwa na kile kishikio chenye gurudumu kinachobana patasi ubavuni, funga kizuizi kwenye kibao: patasi ikichomoza milimita 30 kwa aina hiyo ya kishikio unapata digrii 30, ikichomoza 40 unapata 25.

Hewa ya Dar inaharibu majigi?

Inaharibu yaliyotengenezwa vibaya. Mbao huvimba na kunywea kwa upana wake; kwa urefu haiendi popote pa kuhesabika. Ndiyo maana fimbo ya vipimo, inayotegemea urefu, inadumu, na ubao mpana wa mbao moja unabeuka. Kwa sakafu za majigi tumia plaiwudi. Emdiefu (MDF), ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, imenyooka vizuri, lakini ikiguswa na maji ya masika kingo zake zinavimba na hazirudi.

Pitisha vanishi nyuso zote, pamoja na chini. Panapoteleza sugua mshumaa. Skrubu na vyuma, tone la mafuta ya cherehani. Yatundike ukutani, yasiegemee sakafu.

Jirani akiomba kuazima, nimpe?

Kibao cha kukatia, kabari, tyubu, mpe. Ubao wa kurandia ncha atumie hapohapo kwako, ukianguka mara moja mraba umepotea. Fimbo za vipimo zangu hazitoki bandani. Kila moja nimeiandika kwa kalamu ya wino: kazi gani, mwezi na mwaka, na ukubwa wa godoro. Jirani akiitaka ya tano kwa sita, anakuja na fito yake iliyonyooka, tunazilaza pamoja kwenye benchi, anahamisha alama kwa kisu chake mwenyewe. Dakika 10 anaondoka nayo.